Kilomita 31 za Kutetemeka

"Mwanangu, hizo kilomita ulizoziokoa umeziweka wapi?"

Shangazi aliniuliza swali hilo tukiwa tumekwisha kuegesha, huku akihangaika kufungua mkanda wa usalama kwa vidole vilivyokataa kukunjika. Nje palikuwa na nyuzi 11 chini ya sifuri. Ndani ya gari langu la umeme tofauti haikuwa kubwa: pumzi zetu zilikuwa zikionekana, na kwenye pembe ya chini ya kioo cha mbele, upande wa ndani, palikuwa pameota barafu nyembamba kama utando wa buibui. Tulikuwa tumesafiri kilomita 140 hita ikiwa imezimwa. Niliizima mwenyewe, dakika chache tu baada ya kuondoka, kwa sababu nilipoigusa ile alama kwenye skrini, umbali ambao betri ingeweza kutufikisha ulipanda kutoka kilomita 236 hadi 267, nami nikajisikia kama mtu aliyesamehewa deni bila kuomba.

Betri ilikuwa imebaki na asilimia 43.

Niliitazama namba hiyo, nikaona haya kuitamka, nikasema tu, "Shangazi, twende ndani kwanza."

Zimepita wiki sita. Swali lake halijaondoka. Nimekuwa nikilijibu nikiwa ninaoga, nikiwa kwenye foleni, na mara mbili nimelijibu kwa kalamu na karatasi, kwa sababu mwanzoni nilidhani ni swali la hesabu.

Joto lilikuwa taka

Kwa miaka mingi niliendesha magari ya petroli, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza joto la ndani ya gari linatoka wapi. Ungesubiri dakika chache injini ichemke, ungezungusha kitufe, basi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba lile halikuwa joto lililotengenezwa kwa ajili yangu, bali lilikuwa taka ya injini ambayo nilipewa kidogo yake kabla nyingine haijatupwa nje kupitia rejeta na bomba la moshi.

Lita 1 ya petroli hubeba takriban kilowati-saa 9 za nishati (kilowati-saa 1 ni kilowati 1 ikitumika kwa saa nzima). Injini ya kawaida hufikisha robo hadi theluthi ya nishati hiyo kwenye magurudumu, na sehemu kubwa ya iliyobaki hugeuka kuwa joto. Kwa hiyo gari linalotumia lita 6 kwa kilomita 100 huwa limebeba kilowati-saa zaidi ya 50, na huzitupa zaidi ya 30 kati ya hizo zikiwa joto tupu. Kuwapasha joto watu wawili katika safari hiyo huhitaji kilowati-saa 2 au 3. Ni sawa na mtu anayechota kikombe kimoja kwenye mto unaopita mlangoni pake. Hana sababu ya kuhesabu vikombe.

Gari la umeme halina mto huo. Mota yake hugeuza karibu umeme wote kuwa mwendo, na joto linalopotea ni kidogo mno kuweza kuwafaa watu waliokaa ndani. Betri yangu yote, ikijaa, ina kilowati-saa 58, yaani nishati ya lita 6 na nusu hivi za petroli. Niliposoma hesabu hiyo kwa mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimekosea nukta mahali fulani. Gari zima, lenye uzito wake wote na abiria wake, linakwenda zaidi ya kilomita 200 wakati wa baridi kwa nishati ambayo zamani ningeibeba kwenye dumu dogo.

Ndipo nilipoelewa woga wangu. Ukiwa na kidogo kinachokwenda mbali, kila kinachochukuliwa pembeni huonekana kama wizi.

Na hita ndiyo iliyo mbele ya macho. Upinzani wa hewa hauna alama kwenye skrini. Baridi inayoifanya betri yenyewe kuwa mvivu, kwa sababu ioni za lithiamu, chembe zinazobeba chaji yake, husafiri kwa shida zaidi ndani yake, nayo haina kitufe. Hita ina kitufe, na ukikigusa unalipwa papo hapo kwa kilomita za kwenye skrini. Sijui kama waliobuni skrini hiyo walifikiria wanachomfundisha dereva, lakini mimi nilifundishika haraka sana.

Kiti changu, kiti chake

Hapa ndipo ninapopaona pagumu kupaandika.

Gari langu lina viti vinavyopashwa joto kwa umeme. Kila mtu anayeishi na gari la umeme katika nchi ya baridi atakupa ushauri huu kabla hujamaliza kuuliza: punguza hita, washa kiti. Ni ushauri mzuri. Hita yangu ni ya aina ya zamani, inayopitisha umeme kwenye vipande vya kauri vinavyopata moto kama pasi, na katika baridi kama ile ya siku hiyo hula karibu kilowati 2 hata baada ya gari kupata joto. Dakika za mwanzo hula mara mbili ya hapo au zaidi. Kiti kimoja hula wati 50 hadi 100. Kinagusa mwili moja kwa moja, hakipotezi muda kupasha hewa ambayo itatoka nje muda si mrefu, na usukani wenye joto nao hauli zaidi ya hapo.

Siku ile kiti changu kilikuwa kinawaka.

Cha shangazi hakikuwa kinawaka. Cha dereva hujiwasha chenyewe baridi ikizidi, lakini cha abiria lazima kiwashwe kwenye skrini, katika ukurasa wa pili, kwa alama ndogo ambayo yeye hakuijua na ambayo mimi sikuikumbuka. Niligundua hivyo siku tatu baadaye, nikiwa peke yangu, nilipoona alama moja ni nyekundu na nyingine ni ya kijivu. Nilikaa pale nikirudisha nyuma safari nzima. Mara mbili alikuwa ameniuliza kama gari lina hitilafu. Mara mbili nilimjibu kwamba gari ni zima, ni suala la kuvumilia kidogo tu, na nilishangaa moyoni kwa nini yeye anaona baridi kali kiasi hicho ilhali mimi ninaiona ya kustahimilika.

Nilikuwa ninapima baridi yake kwa mgongo wangu.

Isitoshe, hata kama ningekiwasha, alikuwa amevaa koti nene lililofungwa hadi shingoni, na koti linalozuia joto lisitoke mwilini huzuia pia joto la kiti lisiingie. Ilinibidi nijifunze baadaye kwamba abiria anapaswa kulifungua koti, auegemeze mgongo kwenye kiti, kisha ajifunike koti hilohilo kwa mbele kama blanketi. Miguu ni jambo jingine tena. Kiti hakiifikii, hewa ya moto inayopulizwa chini ndiyo huiokoa, na hewa hiyo nilikuwa nimeizima. Kila ninapousikia ule ushauri wa viti siku hizi, huwa ninataka kuuliza: kiti cha nani, na je, miguu?

Hita hula kwa saa

Nilirudi kwenye karatasi, safari hii nikiwa na hasira kidogo.

Skrini ilinionyesha tofauti ya kilomita 31 kwa sababu ilikuwa inakisia mpaka betri iishe kabisa. Mimi sikuwa ninakwenda mpaka betri iishe. Nilikuwa ninakwenda kilomita 140, mwendo wa saa 1 na dakika 45. Kilowati 2 kwa muda huo ni kilowati-saa 3 na nusu, ambazo kwa betri yangu ni asilimia 6. Ningefika na asilimia 37 badala ya 43. Hakuna lolote maishani mwangu lililobadilika kwa sababu ya asilimia hizo 6. Usiku ule gari lililala, na kesho yake likachajiwa.

Kisha nikakumbuka jambo lililonifanya nicheke peke yangu. Kwenye vipande vya barabara vilivyokuwa wazi nilikuwa nimeendesha kwa kilomita 110 kwa saa ili tufike upesi, kwa sababu ndani kulikuwa na baridi. Nguvu ya hewa inayolizuia gari hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, na kwa gari la ukubwa wa langu, kushuka kutoka 110 hadi 100 huokoa takriban kilowati-saa 2 katika kila kilomita 100. Kwa mwendo huo, hicho ndicho kiasi kilekile ambacho hita ingekula. Nilimnyima shangazi joto kwa mkono mmoja, na kwa mguu nikaupa upepo kile nilichokiokoa.

Mwaka 2019 chama cha waendesha magari cha Marekani, AAA, kilipima magari kadhaa ya umeme katika baridi ya karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Kwa wastani umbali ulipungua kwa asilimia 41 hita ilipotumika, na kwa asilimia 12 ilipokuwa imezimwa. Takwimu hizo zilinisumbua, kwa kuwa zilionekana kuutetea uamuzi wangu, na pia zilikuwa mbali mno na zile nilizozipata mimi kwenye safari yangu. Nilichukua muda kuona kinachoendelea: magurudumu hula kwa kilomita, lakini hita hula kwa saa. Anayekwenda polepole mjini, akisimama kila mahali, hukaa ndani ya gari muda mrefu kwa kilomita chache, na kila kilomita yake hubebeshwa mzigo mkubwa wa joto. Anayefanya safari nne fupi kwa siku hulipasha gari lililoganda mara nne. Anayekwenda mbali kwa mwendo wa wastani hulipasha mara moja tu, kisha hulidumisha.

Kwa hiyo safari ndefu, ambayo ndiyo inayotutia hofu, ndiyo ambayo hita huchukua sehemu ndogo zaidi ya umeme wake. Mimi nilikuwa ninaizima barabara kuu na kuiwasha mjini. Kinyumenyume kabisa.

Kuna hesabu nyingine iliyonishangaza zaidi. Hewa iliyo ndani ya gari, yapata mita 3 za ujazo, ina uzito wa kilo 4 tu. Kuipandisha kwa nyuzi 30 kunahitaji kilowati-saa 0.03, kitu kisichostahili hata kutajwa. Hita haifanyi kazi hiyo. Inapasha vioo, viti, plastiki na chuma vilivyolala nje usiku kucha, na baada ya hapo inapambana na hewa mpya inayoingizwa bila kukoma. Unaweza kuzuia hewa hiyo kwa kuizungusha ileile ya ndani, na umeme utaokoka mwingi, lakini pumzi ya binadamu hubeba maji. Watu wawili katika chumba kidogo chenye vioo baridi hutosha kuvifunika vyote kwa ukungu. Siku ile nilikuwa nikiendesha kwa mkono mmoja na kufuta kioo kwa mwingine, na sasa, nikiwa nimekaa mezani, ninaona kwamba huenda hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote. Baridi ilituumiza vidole. Kioo kisichoonyesha barabara kingeweza kutuumiza zaidi.

Wenye pampu

Jamaa yangu mmoja, niliposimulia haya, aliniambia kwa upole wa mtu aliyenunua gari jipya kwamba shida yangu ni kukosa pampu ya joto. Ana hoja. Hita yangu hutoa kilowati 1 ya joto kwa kila kilowati 1 ya umeme; pampu ya joto, ambayo ni friji iliyogeuzwa, hulichota joto lililomo nje na kulisukuma ndani, na katika baridi ya wastani hukupa kilowati 2 au hata 3 kwa umeme uleule. Hata hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ina joto la kuchotwa. Nissan Leaf ya mwaka 2013 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza ya umeme ya soko kubwa kuwa nayo, na leo imeenea.

Ila faida yake hupungua jinsi baridi inavyozidi, yaani huwa dhaifu zaidi siku unayoihitaji zaidi, na hiyo ndiyo sababu magari mengi yenye pampu bado yana hita ya kawaida pembeni. Volvo walipotoa C30 ya umeme mwaka 2011 waliikwepa shida yote kwa njia ambayo hadi leo hunifurahisha: waliipa hita inayochoma ethanoli. Kuna miji ya Ulaya ambako mabasi ya umeme yana hita za dizeli kwa sababu hiyohiyo. Watu hucheka wakisikia. Mimi huwaza abiria wa basi hilo, ambaye hajali joto limetoka wapi, na ninamwelewa vizuri kuliko zamani.

Kukwama

Wakati nikiendelea na hesabu zangu, hofu nyingine ilikuwa inanisubiri nyuma ya ile ya kwanza. Vipi tukikwama?

Januari 2022, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, theluji iliifunga barabara kuu ya I-95 na mamia ya magari yakanasa, mengine kwa zaidi ya saa 24. Seneta Tim Kaine alikuwa mmojawapo wa walionasa. Safari yake ya kwenda Washington ilimchukua saa 27. Mara moja ukazuka mjadala: je, ingekuwaje kama wote wangekuwa kwenye magari ya umeme?

Nimelipigia hesabu gari langu. Nikikwama na nusu ya betri, yaani kilowati-saa 29, na hita ikiwa inakula kilowati 2, nitapata saa 14 na nusu. Hizo hazifikii 27, na sitaki kujidanganya kwamba zinafikia. Nikilishusha joto hadi kiwango cha kuishi, siyo cha starehe, nikategemea viti na makoti na kutumia kilowati 1 kwa jumla, nitafika saa 29. Gari la petroli lenye tangi lililojaa lingeweza kukaa likiunguruma muda mrefu zaidi ya hapo. Lakini gari hilo lina bomba la moshi, na theluji ikiliziba, gesi ya kaboni monoksidi huingia ndani bila harufu na bila rangi. Watu wamekufa hivyo, wakiwa wamelala, hita ikiwaka. Katika gari la umeme unaweza kulala.

Kwa hiyo, hapa uhifadhi wa joto una maana. Kuna siku ya kuzima hita. Nilichokosea mimi ni kuifanya kila siku kuwa siku hiyo, na kuwalazimisha waliokaa pembeni yangu waifanye hivyo pamoja nami. Siku hizi nina blanketi mbili na soksi nene kwenye buti la gari, na sianzi safari ndefu ya theluji nikiwa chini ya asilimia 70. Hofu nimeihamishia huko.

Ushauri wa wenye soketi

Ushauri mmoja ndio bora kuliko yote, na ndio unaoniudhi kuliko yote. Unasema hivi: lipashe gari joto kabla ya kuondoka, likiwa bado kwenye chaja. Umeme wa ukutani ndio utakaolipa gharama ya zile dakika za mwanzo zenye njaa, vioo vitayeyuka vyenyewe, na betri nayo, kwa magari yanayoweza, itapashwa. Betri iliyopashwa hukubali umeme wa kuchaji haraka na ule unaorudishwa wakati wa kufunga breki; iliyoganda hukataa, na ni vizuri ikatae, kwa sababu kuchaji kwa nguvu chini ya sifuri huweza kuufanya lithiamu ugande juu ya elektrodi, bamba la ndani ya betri linalopokea chaji, kama utando wa chuma na kuiharibu betri moja kwa moja.

Yote hayo ni kweli. Gari langu hulala barabarani, mita 60 kutoka dirishani kwangu.

Mimi nikilipasha kwa simu kabla sijashuka ngazi, ninalipasha kwa betri yenyewe, na asilimia 2 au 3 huwa zimekwenda kabla sijafungua mlango. Kwa muda mrefu nilidhani hilo ni upotevu mtupu, hadi nilipojiuliza: je, nisipofanya hivyo, gari lile halitapashwa? Litapashwa tu, dakika kumi baadaye, nikiwa ndani natetemeka na kukwangua kioo. Joto lenyewe ni lilelile. Kinachobadilika ni kama kuna mtu ndani ya baridi hiyo au hayumo. Bado mkono wangu husita kubonyeza, nikiri. Hesabu nimeielewa, mkono haujaielewa.

Shangazi amekwisha kurudi kwake, na hupiga simu kila ninapomwambia nina safari. Swali lile hajalirudia, na wala sijamletea jibu. Jana jioni alinipigia nikiwa nimekaa tayari kuondoka, kilomita 120 mbele yangu na nyuzi 8 chini ya sifuri nje. Nikamwambia nina asilimia 74. Akasema hakuuliza hilo. Ndani kuna nyuzi ngapi? Nikatazama skrini, nikamwambia ni 19.

Akanyamaza kidogo.

"Ongeza moja," akasema.